Mlinzi wa Nguzo ni Nani?

Muhula uliopita niliandamana na wanafunzi wa kidato cha tatu hadi Kinondo, kusini mwa Diani, kwa ajili ya somo la historia. Msomaji wa Pwani hahitaji kuelekezwa. Kwa yule wa bara, Kinondo ni makazi ya Wadigo katika Kaunti ya Kwale, hoteli za Diani na Galu zikiwa upande wake wa kaskazini na mikoko ya Gazi upande wa kusini. Baina ya nyumba za wenyeji na bahari umesimama msitu wa hekta 30 hivi. Hiyo ndiyo Kaya Kinondo.

Mzee aliyetupokea alitugawia kaniki, tukajifunga viunoni, wake kwa waume, kisha akatutajia miiko. Mtu asivunje kijiti. Asiokote jani wala jiwe akatoka nalo. Asipaze sauti. Asibusiane na mwenzake. Hapo mvulana mmoja alicheka; mzee akamngoja amalize kucheka, kisha akaendelea. Tulipofika ndani, mahali ambapo jua huingia kwa vipande tu, msichana mmoja aliuliza swali ambalo nadhani lilikuwa likimkera tangu langoni.

“Babu, na mtu akija usiku akakata mti, polisi watamjuaje?”

“Mjukuu wangu, polisi wako kituoni,” mzee alimjibu. “Mimi niko hapa.”

Tulitoka msituni adhuhuri. Basi letu lilikuwa limeegeshwa kando ya barabara, karibu na nguzo ya umeme. Kibao chake cha kuonya hatari kilikuwa kimening’inia kwa msumari mmoja, na ule waya mnene unaoivuta nguzo ardhini isilale ulikuwa umelegea kiasi cha watoto kuufanya bembea. Yule msichana aliutazama waya, akanitazama na mimi.

“Mwalimu, na hii nguzo, babu yake ni nani?”

Wenzake waliangua kicheko. Mimi sikuwa na jibu, na ndiyo sababu ya kuandika makala haya.

Neno tulilozoea kulitumia siku hizi ni miundomsingi. Ni neno zuri, maana limebeba ndani yake ule msingi wa nyumba ambao hakuna autazamaye, wala mgeni hausifu, hadi siku ukuta unapopata ufa. Wanasiasa hulitumia wanapozindua barabara. Walimu hulifundisha pamoja na orodha ya mifano: reli, bandari, mabwawa, nyaya. Lakini si kila muundomsingi una uzito sawa. Barabara ya kijijini ikikatika kwa mvua, watu huzunguka. Bomba kuu la maji likipasuka, mji mzima hulala na kiu. Hiyo ya pili ndiyo ambayo mataifa huiita miundomsingi muhimu, na ndiyo ambayo huitungia sheria za pekee.

Hapa Kenya, maelezo yaliyo wazi kuhusu umuhimu huo yamo katika sheria ambayo wengi huidhania kuwa ya matusi ya mitandaoni tu: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka 2018. Sheria hiyo yatoa kipimo. Mfumo ni muhimu ikiwa kuvurugika kwake kutakatiza huduma zinazoshikilia uhai, kama vile maji, afya na nishati. Au kutadhuru uchumi. Au kutaleta maafa ya watu wengi. Au kutatatiza masoko ya fedha. Au kutahatarisha usalama wa taifa. Mwenye mfumo wa namna hiyo hulazimika kuripoti unapoingiliwa, na kila mwaka kutoa taarifa kwamba ametimiza masharti. Sheria yenyewe iliandikiwa kompyuta. Kipimo chake, hata hivyo, hakichagui baina ya kompyuta na nguzo ya mti.

Hebu tukichukue kipimo hicho hadi Kusini mwa Pwani. Visima vya Tiwi, ambavyo maji yake hunywewa Ukunda, Diani na hata Likoni, huvutwa kwa pampu za umeme. Hospitali ya Msambweni haiwezi kupasua mgonjwa gizani. Hoteli, ambazo ndizo mwajiri wa vijana wengi wa Kinondo na Ukunda, hazina mgeni wa kukaa usiku wa pili bila maji wala taa. Kivuko cha Likoni nacho hakihitaji maelezo: wakazi wa upande huu hawajaisahau tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipozama Mtongwe na kuwaua watu 272. Kwa miongo mingi kivuko hicho kilikuwa ndiyo njia ya pekee ya maana kati ya Kusini mwa Pwani na kisiwa cha Mombasa, na ni miaka ya karibuni tu ambapo barabara ya Dongo Kundu imeleta njia ya pili. Kwa hiyo nguzo yetu ile yenye waya uliolegea si kijiti cha kawaida. Ni kiungo katika mnyororo ambao mwisho wake ni kitanda cha mama anayejifungua.

Nirudi sasa kwenye kaya, kwa maana nadhani ndiko jibu linakoanzia. Wanafunzi wengi huifikiria kaya kama mahali pa tambiko tu, au kama bustani ya miti adimu. Asili yake ni nyingine. Kaya za Wamijikenda zilikuwa miji yenye ngome. Watu waliishi katika uwazi katikati ya msitu, na msitu wenyewe ndio uliokuwa ukuta. Njia za kuingilia zilikuwa chache na nyembamba, zenye milango, na adui asiyezijua alipotelea kwenye miiba. Mapokeo ya Wadigo huihesabu Kinondo miongoni mwa kaya zao za mwanzo kabisa. Katika lugha ya leo twaweza kusema bila kutia chumvi kwamba msitu ule ulikuwa muundomsingi muhimu wa taifa dogo: ulinzi wao, makaburi yao, dawa zao na baraza lao, vyote mahali pamoja. Na ulikuwa na sheria. Miiko ile ambayo mvulana wetu aliicheka haikuwa ushirikina mtupu. Ilikuwa kanuni za kutunza ukuta. Anayekata mti wa kaya huwa ametoboa ngome. Aliyekosa alitozwa mnyama wa kafara, na kosa lake likajulikana kwa kila jirani.

Basi tusije tukaichora hadithi hii kwa rangi nyeupe peke yake. Miiko ya wazee ilishindwa, na ilishindwa mbele ya macho yetu. Utalii ulipostawi Diani katika miaka ya 1970 na 1980, bei ya ardhi ya ufuoni ilipanda, na misitu ya kaya ikaanza kumegwa. Mwenye hati ya shamba kutoka mbali hakuwa na sababu ya kuogopa laana ya wazee asiowajua. Mchongaji vinyago alihitaji mbao. Wenye kaya walibaki na kanuni zisizomfunga mgeni. Hapo ndipo serikali ilipoingia: mwaka 1992 Kaya Kinondo, pamoja na kaya nyingine za Kwale, ilitangazwa katika gazeti rasmi kuwa mnara wa kumbukumbu ya taifa, chini ya sheria ya mambo ya kale ya wakati huo. Sheria hiyo ilirithiwa mwaka 2006 na Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa. Mwaka 2008 UNESCO iliziandika kaya kadhaa, Kinondo ikiwemo, katika orodha ya turathi za dunia.

Lililonivutia mimi katika historia hii ni namna sheria mbili zilivyokubaliana kugawana kazi. Serikali haikuja na kikosi cha askari ikawafukuza wazee. Makumbusho ya Taifa yaliwaacha wazee na miiko yao, yakaongeza kile ambacho wazee hawakuwa nacho, yaani uwezo wa kumshtaki mtu wa mbali mwenye wakili na hati. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wageni wakaanza kulipa ada ili kuuona msitu, na fedha zikawarudia wenyeji. Kijana wa Kinondo anayewaongoza watalii msituni ana sababu ya kuulinda hata kama haamini neno moja la tambiko. Mzee yuko pale, na sheria ya Nairobi iko nyuma yake. Ukiondoa mmoja wa hao wawili, msitu hautachukua miaka mingi kuwa viwanja. Hata pamoja na wote wawili, hatari haijaisha; kisiwa cha Chale kilicho jirani pia ni kaya, na leo kina hoteli.

Sasa tuiangalie nguzo. Sheria hazikosekani. Ipo Sheria ya Nishati ya mwaka 2019. Ipo Sheria ya Maji ya mwaka 2016. Ipo Sheria ya Maeneo Yaliyolindwa, tuliyoirithi kwa mkoloni, inayomwezesha waziri kutangaza mahali kuwa pa marufuku, na anayeingia bila kibali huwa ametenda kosa. Tangu mageuzi ya polisi ya mwaka 2018, kipo ndani ya Polisi wa Utawala kikosi maalumu cha kulinda miundomsingi muhimu. Ipo pia Sheria ya Vyuma Vikuukuu ya mwaka 2015, iliyounda baraza la kuwapa leseni wafanyabiashara wa vyuma hivyo, ili mwizi wa nyaya na vyuma vya umma asipate pa kuuzia.

Kwa hiyo mwaka 2022 ulipoanza, sheria hiyo ya vyuma ilikuwa imeishi kama miaka saba. Tarehe 11 Januari mwaka huo, minara ya umeme ilianguka Imara Daima, Nairobi, kwenye njia kuu inayoleta umeme kutoka Kiambere, na nchi nzima ikaingia gizani. Serikali ilisema vyuma vya kuishikilia minara hiyo vilikuwa vimeibwa. Kabla mwezi haujaisha, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara yote ya vyuma vikuukuu, na marufuku hiyo ikaondolewa baadaye mwaka huohuo kwa masharti mapya.

Imara Daima si nyika. Ni mtaa wenye watu wengi. Chuma cha mnara hakifunguliwi kwa kidole. Huhitaji spana na nyundo, nazo zina sauti, na kazi yenyewe si ya dakika mbili. Watu waliisikia sauti hiyo? Sidhani kwamba wote walikuwa viziwi. Nadhani aliyesikia alijiambia kuwa hao ni mafundi wa kampuni, au ni wezi, na kwamba kwa vyovyote vile hayamhusu, kwani mnara si wake. Hata angependa kusema, angemwambia nani? Linganisha na Kinondo, ambako shoka likigonga mara tatu, mtu fulani mwenye jina huamka kitandani.

Wako watakaonijibu kwamba mwalimu huyu amependa hadithi za wazee na amesahau kwamba taifa ni kubwa. Nakubali kuwa gridi ya umeme haiwezi kufungwa kaniki. Mzee mwenye macho makali hawezi kusoma mzigo wa transfoma. Hata hivyo, nawaomba wanaoamini faini kubwa na askari wengi watafakari kisa cha tarehe 7 Juni 2016. Siku hiyo tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaanguka juu ya transfoma. Mtambo ukazimika, megawati 180 zikapotea ghafla, mitambo mingine ikalemewa, na Kenya yote ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Kampuni ya KenGen ilieleza kwamba vituo vyake vimezungushiwa ua wa umeme wa kuzuia wanyama. Tumbili mwenyewe alinusurika, akakabidhiwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Hakushtakiwa, nasi twamshukuru, maana alitufunza kwa bei nafuu jambo ambalo adui angetufunza kwa gharama kubwa: kwamba katika mfumo wetu, kosa la mahali pamoja lilikuwa na uwezo wa kulizima taifa zima.

Watu wa Diani walikuwa wamekwisha kulijua jambo la tumbili na nyaya. Mbega wa kule, wale weusi wenye mabega meupe, hufa kwa kupigwa na umeme wanaposhika nyaya zilizo uchi katikati ya miti. Shirika la kuwahifadhi mbega lilianzishwa Diani mwaka 1997. Likatundika madaraja ya kamba juu ya barabara ili wanyama wavuke bila kugongwa na magari, likapogoa matawi yaliyokaribia nyaya, likashirikiana na wenye umeme kuzivika nyaya hizo mpira. Waliofanya hivyo walimhurumia mnyama. Lakini tawi linalopogolewa ili mbega asife ni tawi lilelile ambalo lingeiangukia laini siku ya upepo wa kusi. Nani angedhani kwamba wapenda nyani wangekuwa wakaguzi wa gridi? Wao hupita chini ya nyaya hizo kila siku wakiwa wameinua macho, na katika kazi ya ulinzi huko kuinua macho ni zaidi ya nusu ya kazi.

Kisiwa jirani kilipata somo lililo chungu zaidi. Unguja ililetewa umeme kutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980. Kwa miaka 28 waya huo mmoja ulibeba taa, viwanda na pampu za maji za kisiwa kizima. Mwezi Mei mwaka 2008 hitilafu iliukatiza umeme kwa takriban mwezi mmoja. Walipopata nafuu, hitilafu nyingine ikaja tarehe 10 Desemba 2009, na giza likaendelea hadi Machi 2010. Miezi mitatu. Pampu zilisimama na watu wakarudi kubeba maji kwa ndoo. Wenye hoteli wakaishi kwa jenereta, na asiye na jenereta akafunga. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013. Hakuna mwizi katika kisa hiki, wala gaidi, wala tumbili. Kuna uzee wa waya na kukosekana kwa njia ya pili. Sheria ingeweza kuandika adhabu ya kunyongwa kwa kila mharibifu na bado Unguja ingelala gizani.

Hilo ndilo ambalo, kwa maoni yangu, watunga sheria wetu hulisahau. Wao humuona mtu mbaya. Wanamwandikia faini, wanamwandikia kifungo, wanamwekea askari. Mtu mbaya yupo, sikatai. Lakini miundomsingi huharibika zaidi kwa mambo yasiyo na nia: kutu, mchwa katika nguzo, bolti iliyolegea, nanga iliyotupwa mahali pasipofaa. Mwezi Februari mwaka 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga katika eneo lililokatazwa, ikaukata mkongo wa mawasiliano wa TEAMS unaoiunganisha Kenya na Fujairah. Katazo lilikuwapo. Aliyekosekana ni mtu wa kuitazama meli na kumwambia nahodha asogee. Na usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipopotea karibu nchi nzima, abiria wa Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta walikaa gizani kwa sababu jenereta la akiba la kituo kimoja halikuwaka. Lilikuwa limenunuliwa, lilikuwa limewekwa, na bila shaka lilikuwa limeandikwa katika vitabu vya mali.

Sheria ya kulinda miundomsingi ina hatari nyingine, ambayo ndugu zetu wa Afrika Kusini wanaijua vizuri. Mwaka 1980, baada ya wapiganaji wa ukombozi kushambulia mitambo ya mafuta ya Sasol, serikali ya makaburu ilitunga Sheria ya Vituo Muhimu vya Taifa. Waziri aliweza kukitangaza kituo chochote, na orodha ya vituo ikawa siri. Ubaguzi wa rangi ukaondoka, sheria ikabaki. Mwaka 2010 makazi ya Rais Jacob Zuma huko Nkandla yalitangazwa kuwa kituo muhimu. Ripoti ya Mlinzi wa Umma, Thuli Madonsela, ya mwaka 2014 ilikadiria kwamba gharama za ujenzi huko zilifikia randi milioni 246, ndani yake mkiwa na bwawa la kuogelea lililoelezwa kuwa la kuzimia moto, zizi la ng’ombe na banda la kuku. Mwishoni mwa mwaka huo mahakama iliamuru orodha ya vituo itolewe hadharani, na Machi 2016 Mahakama ya Katiba ikamtaka Zuma arudishe sehemu ya fedha. Sheria mpya ilitungwa mwaka 2019.

Banda la kuku likilindwa kama kinu cha umeme, mwananchi hucheka, na akishacheka haamini tena tangazo lolote la serikali kuhusu mali ya umma. Siri nayo huzaa ujinga. Nawezaje kukilinda kitu nisichojua kwamba ni muhimu? Sisemi kwamba ramani za gridi zichapishwe gazetini pamoja na funguo. Nasema mkazi wa Kinondo ana haki ya kujua kwamba laini ile ipitayo juu ya mnazi wake ndiyo inayosukuma maji ya Tiwi, nani huikagua, mara ngapi kwa mwaka, na ripoti ya mwisho ilisema nini. Sheria ya mwaka 2018 imewataka wenye mifumo ya kompyuta kutoa taarifa kila mwaka. Sioni kwa nini nguzo na bomba visidaiwe vivyo hivyo, na taarifa yake isomwe katika baraza la kijiji na si katika ofisi ya mjini peke yake.

Kwale yenyewe ina mfano wake, tena si wa jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Sweden, ulianza hapa mradi wa visima vya pampu za mkono, na pampu ya Afridev, ambayo sasa hutumika katika nchi nyingi za Afrika na Asia, ilijaribiwa na kustawishwa katika vijiji vya Kusini mwa Pwani. Pampu zilizotangulia zilihitaji gari la serikali na fundi kutoka mbali, zikiharibika, zilikaa. Afridev ilibuniwa kwa namna ambayo wanakijiji wenyewe wangeweza kuifungua kwa vifaa vichache, na kamati za maji, zenye wanawake wengi, zikafunzwa kuitengeneza na kuchanga fedha za vipuri. Kila pampu ilikuwa na babu yake, au niseme bibi yake.

Haikudumu vizuri kila mahali. Kamati zilichoka, michango ikafifia, vipuri vikaadimika, na pampu nyingi zikanyamaza. Lakini mfano haukufia hapo. Katika miaka ya 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitia katika mikono ya pampu, kwanza huko Kyuso katika Kaunti ya Kitui, kifaa kidogo kinachotuma ujumbe kwa simu kuonyesha pampu inavyotumika. Pampu ikinyamaza, fundi aliyeajiriwa kwa kazi hiyo hujua na hutumwa. Muda wa kusubiri matengenezo ulipungua kutoka takriban siku 27 hadi chini ya siku 3. Utaratibu huo wa mafundi wa kudumu, wanaolipwa kwa kuifanya pampu ifanye kazi na si kwa kuitembelea, uliletwa Kwale pia. Hapakuwa na ua wala bunduki. Palikuwa na njia ya kujua kwamba kitu kimeharibika, na mtu mwenye jina ambaye ni wajibu wake kufika.

Kati ya kaya na pampu naona kitu kimoja, nacho ndicho ambacho kifungo cha miaka kumi hakiwezi kukinunua: umbali mfupi kati ya anayeona na anayetenda. Mzee wa kaya huona na kutenda mwenyewe. Msichana wa kijijini huona pampu imekauka, na fundi hufika. Kwenye nguzo yetu, watoto wanaocheza bembea huona kila siku, na mwenye uwezo wa kutenda hajui kwamba nguzo hiyo ipo, isipokuwa kama namba katika daftari.

Ninawaandikia walimu kwa sababu mtaala umetupa nafasi ambayo hatuitumii. Twawafundisha wanafunzi kutaja miundomsingi mitano, na faida zake sita, kisha twatia alama. Mwanafunzi wa Kwale anaweza kuijua njia ya reli ya kisasa kutoka Mombasa hadi Nairobi, asijue maji anayokunywa yatoka kisima kipi. Nimewahi kuwauliza hamsini na wawili. Waliojua walikuwa wanne, na mmoja wao ni mtoto wa fundi wa bomba. Kazi ya kuchora njia ya maji kutoka kisimani hadi kwenye mfereji wa shule, au njia ya umeme kutoka barabarani hadi kwenye taa ya darasa, haihitaji kitabu kipya wala kibali cha Nairobi. Huhitaji alasiri moja na viatu.

Wanafunzi wangu waliinakili namba iliyopigwa kwenye nguzo ile kabla basi halijaondoka. Juma lililofuata, katika somo la insha, niliwataka waandike barua rasmi kwa wenye nguzo, na tukaipeleka ile iliyoandikwa vyema kuliko zote, yenye namba ya nguzo, mahali ilipo, hali ya waya na hali ya kibao. Yule msichana ndiye aliyeiandika. Jibu lilikuja baada ya majuma matatu, la aya moja, likisema barua imepokelewa na kupelekwa kwenye idara inayohusika.

Mmoja wa wanafunzi ana shangazi Kinondo, naye huenda huko kila likizo. Aliporudi mara hii alituambia kwamba waya haujakazwa. Kibao, hata hivyo, kimepigiliwa upya kwa misumari minne. Tulidhani ni kazi ya idara, hadi aliposema kwamba ni yule mzee wa kaya, aliyekuja siku moja na nyundo yake.

Msichana ameomba ruhusa ya kuandika barua ya pili.